Maji ya Gobore

Isongole mvua haina msimu, ina mapumziko tu,
na chuma cha baba kilikuwa hakipumziki.
"Baruti ikilala ndani ya mtutu," alikuwa akisema,
"asubuhi inaamka na mume, jina lake Kutu."

Kwa hiyo usiku ule, nguruwe walipokwisha kukimbia
na nusu ya viazi vyetu matumboni mwao
(nililenga nguruwe, nikapata mgomba),
sikulala. Nilibandika sufuria.

Lugano alikuwa amekuja kutoka Mbeya mjini,
ana viatu vyeupe na haraka.
Akatoa kichupa: oili ya pikipiki.
"Dada Subilaga, tia hii, futa, tukalale."
Nikamwambia oili ya pikipiki na masizi ya baruti
vikikutana vinazaa lami,
na mimi sijengi barabara.

Maji. Yatokote, yasiwe ya kusitasita.
Sabuni ya mche, kipande kama ukucha wa dole gumba.
Kitako kitoke kwanza, mti haupendi kuoga.
Mtutu ushike kwa gunia, la sivyo utakukumbuka wiki nzima.
Mimina.
Yanatoka meusi, yananuka yai viza.
Mdeki umevishwa kipande cha fulana ya kampeni:
mgombea anaingia akitabasamu,
anatoka hana meno.
Juu, chini, juu, chini,
kama anayetwanga na hataki jirani ajue.
Maji ya pili, kijivu.
Ya tatu unaweza kunawia.
Na yakiwa moto kweli, si moto wa maneno,
chuma chenyewe kinajikausha,
mvuke unatoka mdomoni mwa mtutu
kama pumzi ya mkama ng'ombe alfajiri.

Halafu chuchu, pale fataki inapokalia.
Tundu lake linaikataa hata sindano.
Unyoya wa kuku ndio ufunguo.
Mwisho mafuta ya kondoo, kidogo, kidogo:
"Lipake kama mtoto, usilikaange."

Yote hayo, chai ilikuwa haijapoa.
Lugano ameshalala na viatu vyake.

Jumatatu tukalipeleka Tukuyu.
Tangazo lilisomwa kanisani baada ya sadaka:
silaha isiyo na karatasi irudishwe,
hakuna atakayeulizwa.
Baba hakuwahi kuwa na karatasi. Alikuwa na mdeki.
Nililibeba ndani ya gunia, viazi vichache juu yake,
na kila gari lilipoyumba kwenye kona
nilisikia kitako kikinigonga goti, taratibu,
kama mtu anayetaka kusema jambo kabla hajashuka.

Askari alikuwa kijana, ana mafua.
Akaingiza kidole chake kidogo mdomoni mwa mtutu,
akakitoa, akakitazama, akakinusa bure.
"Hili limewahi kutumika kweli?"
Nikaukumbuka mgomba.
Nikaukumbuka mwaka mikono ya baba ilipoanza kutetemeka,
mimi nasugua, yeye yuko kigodani
akiyahesabu maji: la kwanza, la pili,
bado, bado, mwanangu, bado.
"Mara moja moja," nikasema.
Akaandika: gobore, moja, bovu.
Sikubisha. Daftari lilikuwa lake.

Usiku wa leo nguruwe wamerudi.
Nimepiga debe mpaka kiganja kimevimba,
wakaondoka kwa hatua za wageni walioshiba.
Halafu, sijui kwa nini, nimebandika sufuria.
Maji yametokota. Nimekaa nayo.
Mdeki hawakuuliza kuhusu mdeki;
umesimama nyuma ya mlango,
Lugano anadhani ni fimbo ya pazia.
Unyoya umo kwenye kopo la chumvi.
Vidole vyangu bado vinanuka yai viza,
na sabuni ya mche imekwisha.